Wimbo uliohifadhiwa si wimbo ulionunuliwa

Biashara ya muziki wa mtandaoni imezidi kunona. Kwa mujibu wa takwimu za IFPI, shirikisho la kimataifa linalowakilisha kampuni za kurekodi muziki, mapato ya muziki uliorekodiwa duniani yalifikia dola za Marekani bilioni 29.6 mwaka 2024, ikiwa ni ongezeko la asilimia 4.8 kuliko mwaka uliotangulia. Katika kila dola 100 zilizoingia, dola 69 zilitokana na kutiririsha, yaani kusikiliza wimbo moja kwa moja kutoka mtandaoni bila kununua kanda wala sahani. Watumiaji wa akaunti za kulipia walifika milioni 752.

Katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara mapato yalipanda kwa asilimia 22.6 mwaka huo na kuvuka dola milioni 100 kwa mara ya kwanza. Afrika Kusini peke yake ilichukua karibu robo tatu ya fedha hizo. Kilichobaki kiligawanywa na nchi nyingine zote za eneo hilo, Tanzania na Kenya zikiwamo.

Hata hivyo, soko hili linalokua kwa kasi linauza bidhaa yenye dosari moja ambayo muuzaji haitaji. Dosari hiyo imo katika kitufe cha kuhifadhi. Mteja hubonyeza, alama hubadilika, naye huamini kuwa wimbo umekuwa wake. Baada ya miezi kadhaa hukuta jina la wimbo limegeuka kijivu na haupigi, au haupo kabisa. Wengine hubonyeza na wimbo haushuki kwenye simu hata siku ya kwanza.

Malalamiko ya aina hiyo hupokelewa kama matatizo ya ufundi, na mlalamikaji huambiwa azime simu na kuiwasha tena. Ni kweli kwamba baadhi ni ya ufundi na yana tiba. Lakini mengine si ugonjwa wa simu. Ni masharti ya biashara yaliyovaa sura ya ugonjwa wa simu. Mteja asiyeyatenganisha hayo mawili atafuta programu na kuirudisha mara kumi, atamaliza bando lake, na wimbo hautarudi.

Yenye tiba

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba neno "kuhifadhi" lina maana mbili katika huduma hizi. Maana ya kwanza ni kuuwekea wimbo alama ili uingie katika maktaba ya mteja. Alama hiyo hukaa katika kompyuta za kampuni, nayo huonekana katika kila simu ambayo mteja ataingia kwa akaunti yake. Maana ya pili ni kupakua, yaani kuushusha wimbo ndani ya simu ili usikike bila mtandao. Mtu anaweza kuwa na alama 2,000 katika maktaba na asiwe na wimbo hata mmoja ndani ya simu.

Kampuni zenyewe zimechangia mkanganyiko huo. Mwezi Machi 2023 Spotify ilitangaza kwamba alama ya moyo, ambayo wateja walikuwa wameizoea kwa miaka, ingeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na alama ya kujumlisha. Mteja aliyekuwa akitafuta moyo na kuukosa alikuwa na haki ya kudhani kwamba simu yake imeharibika.

Lipo pia suala la waifai. Spotify huja ikiwa imefungwa isipakue nyimbo kwa data ya simu, na hungoja waifai. Huko Stockholm ilikoanzia kampuni hiyo mwaka 2006, nyumba zina waifai na mpangilio huo humlinda mteja. Mteja wa Mbagala au Kawangware anayeishi kwa bando la vocha hubonyeza mshale wa kupakua, akaona nyimbo zikingoja, na akaendelea kungoja pamoja nazo. Tiba ni kuingia katika mipangilio ya programu na kuruhusu upakuaji kwa data ya simu, baada ya kuhakikisha kwamba bando linatosha.

Sababu nyingine ya kawaida ni akaunti mbili. Mteja alijiandikisha zamani kwa barua pepe. Amenunua simu mpya, akaingia kwa akaunti yake ya Facebook, na programu ikamfungulia akaunti nyingine bila yeye kutambua. Anakuta maktaba tupu na kudhani nyimbo zimefutwa, kumbe ziko salama katika akaunti ya kwanza. Kabla ya kulalamika, yafaa atoke na kujaribu njia zote alizowahi kuingilia.

Aidha, upakuaji una masharti yake. Spotify huruhusu nyimbo hadi 10,000 katika kila simu au kompyuta, na vyombo visizidi vitano. Mteja akipakua katika chombo cha sita, nyimbo za chombo kimojawapo huondolewa. Asipoingia mtandaoni angalau mara moja katika siku 30, nyimbo alizopakua hufungwa. Akifuta programu na kuiweka upya, huondoka zote, hali kadhalika memori kadi ikiharibika. Hivyo ule ushauri maarufu wa "ifute uirudishe" una gharama: kila wimbo itabidi ushushwe upya kwa fedha ya mteja.

Kwa wenye Apple Music, kizuizi cha kawaida ni swichi ya kusawazisha maktaba, ambayo imo katika mipangilio ya simu. Ikiwa imezimwa, wimbo hauingii katika maktaba hata ubonyezwe mara ngapi. Na aliyefuta orodha nzima ya nyimbo za Spotify kwa bahati mbaya asikate tamaa mapema, kwani kwenye ukurasa wa akaunti, katika tovuti ya kampuni hiyo, orodha iliyofutwa inaweza kurejeshwa ndani ya siku 90.

Yasiyo na tiba ya fundi

Hapo ndipo ufundi unapoishia. Yanayofuata yako mikononi mwa mwenye duka.

Kwa miaka mingi mteja wa Spotify hakuruhusiwa kuhifadhi zaidi ya nyimbo 10,000 katika maktaba yake, ingawa kampuni ilijivunia hazina ya mamilioni ya nyimbo. Mwaka 2017, wateja walipolalamika, jibu lilikuwa kwamba wanaofikia ukomo huo hawazidi asilimia moja. Ukomo uliondolewa Mei 2020. Fundisho lake ni la kibiashara. Waliokuwa wakigonga ukomo ni wale wanaosikiliza kuliko wote, na duka lolote la Kariakoo linajua kwamba mteja anayenunua kila siku ndiye wa kubembelezwa kwanza.

Zito zaidi ni haki za nyimbo. Kampuni ya kutiririsha huwa haimiliki nyimbo inazozipiga. Huzikodi kwa mikataba kutoka kwa wenye haki, na mkataba ukiisha au ukivunjika, wimbo huondoka katika maktaba ya kila mteja bila kujali nani aliuhifadhi lini. Januari 2022 nyimbo za Neil Young ziliondolewa Spotify kwa matakwa yake mwenyewe, naye akarejea Machi 2024. Kwa zaidi ya miaka miwili aliyekuwa amezihifadhi alibaki na majina yasiyopigika. Machi 2021 mabishano ya mkataba kati ya Spotify na kampuni ya Kakao ya Korea Kusini yaliondoa nyimbo nyingi za Kikorea duniani kote kwa siku kumi hivi. Wateja waliamka asubuhi na kukuta rafu zina mapengo, ada ya mwezi ikiwa imelipwa.

Mara nyingine duka lenyewe hufungwa. Google Play Music, iliyoanza mwaka 2011, ilizimwa mwishoni mwa 2020 na wateja wakatakiwa kuhamia YouTube Music. Walipewa hadi 24 Februari 2021, na baada ya hapo nyimbo na taarifa zao zingefutwa. MySpace nayo ilikiri mwaka 2019 kwamba nyimbo zilizopandishwa kwake kati ya 2003 na 2015 zilipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Idadi iliyotajwa ilikuwa zaidi ya nyimbo milioni 50. Wapo wasanii ambao hawakuwa na nakala nyingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii daftari lipo, ila linashikwa na muuzaji peke yake.

Hasara inapoangukia

Mtu anaweza kusema kwamba wimbo mmoja uliogeuka kijivu si jambo la kuandikia gazeti. Kwa msikilizaji mmoja pengine ni kweli. Kwa soko la muziki la Afrika Mashariki si kweli hata kidogo.

Kila rekodi inayoingia sokoni hupewa namba yake ya utambulisho iitwayo ISRC, yenye tarakimu na herufi 12. Kwa namba hiyo huduma hutambua kwamba wimbo ni uleule, na hesabu ya mara ulizopigwa huendelea kukua. Wasanii wengi wa hapa hawapeleki nyimbo zao moja kwa moja kwa kampuni kubwa. Hupitia mawakala wa usambazaji. Msanii akigombana na wakala au kuacha kumlipa, wakala huondoa nyimbo. Msanii huzipandisha upya kwa wakala mwingine, mara nyingi kwa namba mpya kwa kuwa ile ya zamani hakuiandika popote.

Kwa mtambo, huo ni wimbo mpya usio na historia. Wote waliohifadhi ule wa zamani wanabaki na jina la kijivu, na hesabu inaanza sifuri. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo usiofikisha angalau mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Nyota wa Bongo Fleva huvuka kiwango hicho kabla ya chai ya asubuhi. Kwaya ya mkoani, kikundi cha taarab cha Tanga au bendi ya dansi yenye wapenzi wachache lakini waaminifu inaweza kuanguka chini yake kwa sababu moja tu: waliouhifadhi wimbo waliupoteza bila kuambiwa, na hawajui kwamba umerudi kwa namba nyingine.

Ipo hasara ya pili, nayo ni kubwa zaidi. Mpinzani wa huduma hizi mitaani si kampuni nyingine ya Ulaya. Ni kibanda cha kujaza nyimbo. Mteja hupeleka memori kadi au fleshi, hulipa fedha kidogo, na huondoka na nyimbo tele. Msanii hapati kitu. Kabla ya hapo yalikuwa makanda yaliyorudufiwa bila kibali, ambayo yaliwatia umaskini wanamuziki wa kizazi kizima. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999 na kuunda COSOTA kwa ajili ya kupambana na mambo hayo.

Sasa mteja anaambiwa aache kibanda, ajiunge na huduma halali na alipe ada kila mwezi. Anafanya hivyo. Baada ya mwaka anagundua kwamba nyimbo za kibanda bado zinapiga, na zile za halali zimepungua bila maelezo. Akikosa ada ya mwezi mmoja, alizopakua zote zinafungwa. Ukimtaka achague tena, hesabu yake si ngumu. Hivyo kitufe cha kuhifadhi kisichoaminika kinamrudisha mteja kwa mwizi, na anayelipia safari hiyo ni msanii.

Hoja ya kampuni

Kampuni zina utetezi wake, nao si wa kupuuzwa. Husema kwamba hazina mamlaka juu ya nyimbo za watu, kwamba kwa ada ndogo mteja hufunguliwa mamilioni ya nyimbo ambazo asingeweza kuzinunua maisha yake yote, na kwamba mteja mwenyewe alikubali masharti siku ya kujiunga. Hayo yote ni kweli. Aliyekodi nyumba hawezi kudai hati ya kiwanja.

Lakini mpangaji hupewa notisi. Kampuni inayojua mteja amesikiliza wimbo gani saa ngapi, na ambayo kila mwisho wa mwaka humtumia muhtasari wa alivyosikiliza, haiwezi kudai kwamba inashindwa kumwandikia mstari mmoja: wimbo uliohifadhi umeondolewa na mwenye haki, na toleo jingine liko hapa. Uwezo wa kufanya hivyo upo. Kinachokosekana ni sababu ya kuwasukuma, kwa kuwa mteja asiyejua alichopoteza hahami.

Cha kufanya

Mambo matatu yangetosha kuanzia. La kwanza ni hiyo notisi. La pili ni neno la kweli kwenye kitufe. Jimbo la California nchini Marekani limeanza kutumia sheria, tangu 1 Januari 2025, inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja kwamba anapewa leseni tu. Sheria hiyo haikugusa huduma za ada ya mwezi, lakini msingi wake ni uleule. Kama wimbo utakaa maktaba kwa muda wa mkataba tu, mteja aambiwe hivyo kwa maneno machache na kwa lugha anayoielewa.

La tatu ni daftari. Mteja awe na njia rahisi ya kuchukua orodha ya nyimbo alizohifadhi na kwenda nayo duka jingine. Mwaka 2024 Apple na Google zilifungua njia ya kuhamisha orodha kati ya Apple Music na YouTube Music, jambo linaloonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 38, tayari inampa mtu haki ya kupewa taarifa zake na kuzihamishia kwingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Tume inayoisimamia ina nafasi ya kuziuliza kampuni zinazokusanya ada nchini kwamba orodha ya mteja wa hapa inapatikanaje, na kwa muda gani. Spotify iliingia rasmi Tanzania, Kenya na Uganda Februari 2021. Muda wa kujifunza soko umetosha.

Kwa upande wake, mteja asingoje serikali. Orodha ya nyimbo anazozithamini ainakili mahali pake, hata kama ni kwenye daftari la karatasi, ikiwa na jina la msanii na la albamu. Wimbo ambao hataki kuukosa kabisa, kama wa harusi yake au wa marehemu mzazi wake, aununue kama faili pale unapouzwa. Bandcamp huuza hivyo, na nyimbo zinazonunuliwa katika duka la iTunes hazina kufuli tangu mwaka 2009. Faili hilo likae katika vyombo viwili tofauti. Hapo msanii atakuwa amelipwa, na wimbo utabaki kwa mwenyewe.

Msanii naye aombe namba zake za ISRC kwa maandishi siku ileile anapotia saini na wakala, azitunze kama anavyotunza kitambulisho cha taifa, na akihama azipeleke hizohizo kwa wakala mpya. Nyimbo zipande kwa wakala mpya kabla hazijashushwa kwa yule wa zamani. Kinyume chake ni sawa na kuhamisha duka usiku bila kuwaachia wateja anuani.

Soko la muziki wa mtandaoni Afrika Mashariki bado ni changa, na katika soko changa imani ya mteja ndiyo mtaji. Kampuni zimetumia fedha nyingi kumfundisha mteja kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Zisipomweleza kinachotokea baada ya kubonyeza, vibanda vya memori kadi vitaendelea kumweleza kwa niaba yao, tena kwa bei nafuu.